Barua Isiyo na Mhuri: Nilivyojifunza Barua Pepe Baada ya Kustaafu

Nilisomea uhazili Tabora nikiwa msichana, na kwa zaidi ya miaka thelathini nilichapa barua za watu wengine katika ofisi za serikali mkoani Morogoro. Nilijua kupanga kumbukumbu namba na tarehe, nilijua neno "YAH:" linakaa wapi na mstari wake unaishia wapi, na nilijua kupachika karatasi nne na kaboni tatu kwenye mashine ya kuchapia bila hata moja kujikunja. Kompyuta ilipofika mezani kwangu niliitumia kama mashine ya kuchapia yenye kioo. Barua pepe ya ofisi ilikuwa moja tu, na aliyeifungua ni kijana wa TEHAMA, ambaye alituchapia majibu kwenye karatasi ili tuyaweke kwenye jalada. Kwa hiyo nilistaafu nikiwa nimepitisha maelfu ya barua mikononi mwangu lakini sina hata anwani moja ya mtandaoni.

Mwaka 2019 kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kilinichagua kuwa katibu, nadhani kwa sababu ya mwandiko. Fomu ya kwanza niliyopewa kujaza ilikuwa na nafasi iliyoandikwa "Barua pepe ya katibu", nami nikaiacha wazi. Fomu ikarudishwa. Jioni ile nikampigia simu binti wa mdogo wangu, ambaye ni mhasibu hapa hapa mjini, naye akaja na kompyuta yake na uvumilivu ambao sikujua kuwa anao. "Mama mkubwa," akaniambia, "hii ni barua kama zile zako za ofisini. Ila haina mhuri." Sehemu ya kwanza ya maneno yake ilinitoa hofu. Hiyo habari ya mhuri niliichukulia kuwa utani, na ndiyo iliyokuja kunihangaisha kuliko yote.

Kufungua akaunti ya Gmail, huduma ya barua pepe ya Google, hakukuchukua hata nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kuchagua anwani. Jina langu lilikuwa limeshachukuliwa, na mfumo ukapendekeza niliongezee tarakimu za mwaka wangu wa kuzaliwa. Binti alikataa, akanieleza kwamba anwani huonwa na kila mtu unayemwandikia, na kwamba mwaka wa kuzaliwa ni miongoni mwa mambo ambayo benki na kampuni za simu huuliza zinapotaka kuhakikisha kuwa aliyepiga ni wewe kweli. Tukaongeza herufi ya kwanza ya jina langu la kati, ikatosha. Tangu hapo nimeshaona barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, lakini imetoka kwenye anwani yenye maneno ya mtu kujisifia uzuri wake, na aliyeipokea aliicheka kabla hajaifungua. Anwani ya kazi iwe jina lako, basi.

Nywila, ambayo vijana huiita paswedi, ilituletea mjadala mrefu zaidi. Nilitaka kuweka jina la mjukuu wangu na mwaka wake, kwa kuwa sitayasahau kamwe. Binti akaniuliza ni watu wangapi wanalijua jina hilo, na nilipoanza kuhesabu, nikiwajumlisha wote wanaoona picha zangu za WhatsApp, niliachana na wazo hilo mwenyewe. Alinifundisha kuchukua maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano sufuria, mvua, reli na kitenge, kisha kuyatungia picha moja kichwani ili yasipotee. (Hayo manne si yangu, msihangaike.) Urefu ndio unaoipa nywila nguvu, kwa sababu programu za kubahatisha huanza na majina ya watu, miaka, na maneno mafupi yaliyozoeleka, na mfululizo mrefu wa maneno yasiyo na uhusiano huzichosha.

Kisha akanipa sababu ambayo naiona ndiyo kubwa kuliko zote, na ambayo wanaoanza hawaambiwi mapema. Nywila ya barua pepe haipaswi kutumika mahali pengine popote, kwa kuwa barua pepe ndiyo inayofungua vingine vyote. Ukisahau nywila ya huduma yoyote mtandaoni unabonyeza palipoandikwa kwamba umesahau, na njia ya kuibadilisha inaletwa kwenye barua pepe yako. Mwizi akishaingia humo hahitaji kubahatisha kingine chochote, kwa maana atakuwa anaomba nywila mpya na kuletewa mkononi, huku wewe umelala.

Nywila yangu niliiandika kwenye daftari, na daftari nikalifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Nilitarajia kugombezwa. Binti akasema mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lililoko Kihonda, na kwamba mtu wa umri wangu akiiandika nywila ndefu na kuitunza nyumbani yuko salama kuliko yule anayekumbuka nywila moja fupi na kuitumia kila mahali. Kosa ni kuiandika kwenye kikaratasi na kukibandika nyuma ya simu, kama alivyofanya mweka hazina wetu.

Tulimalizia na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila kunahitajika pia tarakimu zinazotumwa kwenye simu yangu. Google hutoa vilevile orodha ya misimbo kumi ya akiba, kila mmoja ukiwa na tarakimu nane, ya kutumia pale simu inapopotea. Niliichapisha, ikaenda kabatini. Ningependa kila mwenye akaunti aangalie leo ni namba gani ya simu aliyoiandikisha, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake ikaja kupewa mtu mwingine, na hapo ufunguo wako wa akiba utakuwa kwenye mfuko wa usiyemjua.

Kuandika barua yenyewe nilidhani sitahitaji kufundishwa. Nafasi ya kichwa cha habari niliitambua mara moja kuwa ndiyo YAH yetu, na nilishangaa kuona vijana wakiiacha tupu au wakiandika "Habari". Mpokeaji mwenye barua sitini kwenye kikasha husoma vichwa kwanza, na barua isiyo na kichwa ni kama jalada lisilo na jina. Lakini mimi nami nilikuwa na ugonjwa wangu. Barua zangu zote zilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", mstari tuliouchapa ofisini hadi vidole vikaujua vyenyewe. Binti alinionyesha barua yangu jinsi inavyoonekana kwenye orodha ya simu yake: jina langu, kichwa, halafu kipande cha mstari wa kwanza, ambacho kilikuwa kimeliwa chote na maneno yasiyosema kitu. Sasa naanza na salamu fupi, na sentensi inayofuata inataja ninachohitaji na lini nakihitaji. Kwa mfano: "Tunaomba kupata bei ya cherehani nne za miguu kabla ya tarehe 15." Maelezo yanafuata baadaye. Ile ya "dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako" nimeiweka akiba kwa ajili ya dada yangu aliyeko Tanga, naye huniandikia hivyo hivyo.

Kwenye nakala nilijiona niko nyumbani. Herufi Cc zilizopo kwenye programu za barua pepe, kifupi cha maneno ya Kiingereza "carbon copy", yaani nakala ya kaboni, zimetokana na karatasi ileile ya kaboni iliyonichafua vidole miaka yote ile. Hata nakala ya siri, ile Bcc, niliijua kwa mikono yangu: mkuu akitaka nakala imfikie mtu bila mwandikiwa kujua, nilikuwa nachomoa barua halisi kwenye mashine, kisha nachapa jina la huyo wa siri kwenye nakala ya kaboni peke yake. Pamoja na ujuzi wote huo, nilikosea. Taarifa ya michango ya robo mwaka niliituma kwa wanachama wote nikiwa nimeyapanga majina yao kwenye nafasi ya nakala ya wazi. Kwa hiyo kila mmoja alizipata anwani za wenzake wote, zikiwemo za wanachama wawili ambao hawakutaka anwani zao zijulikane, na mwanachama mmoja aliyekusudia kuniuliza mimi peke yangu kuhusu deni la jirani yake alibonyeza "Jibu wote". Kikao cha Jumamosi iliyofuata kilikuwa kirefu.

Tangu siku ile, nikiwaandikia watu wengi ambao hawajakubaliana kujuana, najiandikia mimi mwenyewe kama mpokeaji, na wengine wote nawaweka kwenye nakala ya siri. Anwani ya mtu amenipa mimi, hajanipa niigawe, na tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo jambo hili halikomei kwenye adabu. Nimebadilisha pia mpangilio wa Gmail ili iniruhusu kurudisha barua ndani ya sekunde 30 baada ya kuituma, ambao ndio muda mrefu zaidi inaoutoa. Sekunde hizo zimeshaniokoa mara mbili. Na jina la mpokeaji nalijaza mwisho kabisa, baada ya kuisoma barua na kuhakikisha kiambatisho kipo, kwa kuwa barua isiyo na mpokeaji haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya.

Kuhusu viambatisho, mipaka yake ni myepesi kukumbuka. Gmail hairuhusu vinavyozidi megabaiti 25 kwa barua moja, na picha za simu hufika huko haraka, kwa hiyo nyaraka ni bora ziwe za PDF na zipewe jina linaloeleweka, kama "Katiba ya kikundi", badala ya mlolongo wa tarakimu uliotoka kwenye kamera. Lakini kuna hatari moja ya viambatisho ninayoiona kila siku mjini kwetu, nayo iko kwenye steshenari. Mtu anakuja na cheti chake cha shule, cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, anaskaniwa kila kitu, kisha anafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya duka, anatuma, analipa na kuondoka. Nyuma yake ameacha akaunti iko wazi na nakala za nyaraka zake zote zimelala kwenye kompyuta hiyo, ambapo mteja anayefuata anaweza kuzikuta. Nimeketi mwenyewe kwenye kiti cha steshenari moja na kukuta kikasha cha mwalimu nisiyemfahamu kikinitazama. Simlaumu mwenye duka, ambaye ana foleni hadi mlangoni. Nilimtoa yule mwalimu kwenye akaunti yake, na nikajiwekea utaratibu: natumia dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilohifadhi kumbukumbu za nilivyofungua, natoka kwenye akaunti kabla ya kusimama, nafuta nyaraka zangu kwenye kompyuta pamoja na kwenye pipa lake la taka, na inapowezekana natumia simu yangu. Kutumia barua pepe ya mwenye steshenari kutuma maombi yako ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu majibu nayo yatakwenda kwake.

Barua taka hazikunisumbua kama nilivyotishwa. Ni za zamani karibu sawa na barua pepe zenyewe: mwaka 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 bila wao kuliomba, wakakasirika, na kazi hiyo haijakoma hadi leo. Siku hizi nyingi huchujwa zenyewe na kuwekwa kwenye folda ya taka, ambako Gmail huzifuta baada ya siku 30. Mara moja kwa wiki naipitia folda hiyo, kwani barua halali nazo hutupwa humo kimakosa, na mwaliko wetu wa mafunzo ya ujasiriamali niliukuta huko zikiwa zimebaki siku mbili.

Zinazofika kwenye kikasha kwa hila ndizo za kuangalia, na mtu aliyeishi na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" atazitambua ndugu zake. Kuna ya urithi wa marehemu tajiri, kuna ya kazi nzuri inayodai ada ya fomu, kuna inayosema akaunti yako itafungwa leo usipobonyeza kiungo na kuandika nywila. Zote zina haraka, na zote zinataka ufanye jambo kabla hujamuuliza mtu. Sibonyezi kiungo cha namna hiyo, bali nafungua tovuti ya huduma husika kwa kuiandika anwani yake mwenyewe. Tarakimu za uthibitishaji zinazoletwa kwenye simu yangu simpi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni iliyozituma. Barua inayodai kutoka serikalini natazama kama anwani yake inaishia na go.tz. Nasisitiza kuishia, kwa kuwa matapeli hupenda kuyaweka maneno hayo katikati na kumalizia na mengine. Zipo ofisi ambazo watumishi wake bado huwaandikia wananchi kwa anwani zao binafsi, na naona wanaifanya kazi ya tapeli iwe nyepesi.

Jambo la mhuri lilinifika mwaka 2021. Kikundi kilikuwa kimekubaliana bei ya cherehani nne na muuzaji wa Dar es Salaam, tumeandikiana kwa wiki mbili, profoma, yaani hati ya bei ya kabla ya malipo, imekuja, na kilichobaki ni kulipa. Asubuhi ya siku ya malipo ikaja barua nyingine, ndani ya mazungumzo yaleyale, ikisema kwamba akaunti yao ya benki iko kwenye ukaguzi na tunaombwa kulipa kwenye akaunti mpya kabla ya saa kumi jioni ili mzigo uwahi basi. Profoma mpya ilikuwa imeambatishwa, yenye bei zilezile hadi shilingi ya mwisho, nembo ileile, na mhuri wa bluu uliokaa juu ya saini. Mweka hazina alikuwa ameshashika simu ya kutuma fedha.

Mimi nilikwama kwenye salamu. Muuzaji yule alizoea kuniita "Mama Katibu", na barua hii ilinianza kwa "Ndugu Mteja". Kwenye simu jina la mtumaji lilikuwa lake, lakini simu huonyesha jina tu na kuificha anwani, mpaka uliguse jina hilo. Nikaligusa. Anwani nayo ilionekana kuwa yake. Ndipo nikafanya tulichofundishwa chuoni cha kusahihisha chapa, yaani kusoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, herufi moja moja, ili jicho lisije likasoma linachokitarajia badala ya kilichopo. Katika jina la duka, pale palipopaswa kuwa na herufi m, palikuwa na r na n zilizobanana. Kwenye kioo kidogo cha simu herufi hizo mbili zinafanana kabisa na m.

Nilimpigia muuzaji kwa namba iliyokuwa kwenye profoma ya kwanza. Namba iliyokuwa kwenye barua mpya sikuigusa, kwa kuwa angepokea aliyeiandika. Hakujua lolote. Siku chache baadaye alinieleza kwamba mtu alikuwa ameingia kwenye akaunti yake na kuweka mpangilio wa kupeleka nakala ya kila barua yake kwenye anwani nyingine, kwa hiyo mazungumzo yetu yote yalikuwa yakisomwa kimya kimya hadi siku ya fedha. Alibadilisha nywila, akafuta mpangilio ule, akaweka hatua mbili, na akaripoti polisi, kwani udanganyifu wa namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mimi usiku ule nilifungua mipangilio ya akaunti yangu kuangalia kama kuna anwani nisiyoijua inayopelekewa barua zangu. Hapakuwa na kitu, lakini sasa huangalia kila mwezi.

Nilimuuliza binti inawezekanaje mtu ajiite jina la mwingine na barua ikapita. Akanikumbusha bahasha. Nyuma ya bahasha unaweza kuandika jina lolote na sanduku la posta lolote, na karani wa posta hakuwahi kukuomba kitambulisho. Yeye alitazama barua inakokwenda. Kanuni za kupitisha barua pepe zilizoandikwa mwaka 1982 zilifuata hali hiyohiyo, hazikumhakiki anayejiita mtumaji. Mifumo ya uhakiki iliongezwa baadaye na inasaidia sana dhidi ya anayeghushi anwani ya mwenzake, ila haimzuii tapeli aliyesajili jina lake mwenyewe linalofanana na la mwingine, kwa kuwa barua yake imetoka kweli kule inakosema imetoka. Na mhuri ule wa bluu ulikuwa picha tu iliyokatwa kwenye profoma ya kwanza.

Kikundi sasa kina azimio lililoandikwa kwenye muhtasari kwamba badiliko lolote la akaunti ya malipo litathibitishwa kwa simu na watu wawili, kwa namba tuliyokuwa nayo tangu mwanzo. Cherehani zilifika kwa basi siku ya Alhamisi, zote nne, na barua ya muuzaji ya kuthibitisha ilianza na "Mama Katibu". Niliisoma anwani yake kutoka mwisho hadi mwanzo, kisha nikaijibu, nakala kwa mweka hazina.